Sajenti na Kapteni

Vijana wa Makumira, Jenerali Mirisho Sarakikya mnamjua: Mmeru mwenzenu, mkuu wa kwanza wa JWTZ, yule mzee aliyezoea kuupanda Kilimanjaro. Lakini nani kawasimulia habari za Sajenti Francis Ilogi? Kama si uasi wa Ilogi, sidhani Sarakikya angepanda cheo upesi vile.

Tulipata uhuru Desemba 1961, ila jeshi lilibaki lile lile la kikoloni, King's African Rifles (KAR), limebadilishwa jina tu likaitwa Tanganyika Rifles. Miaka miwili baadaye maofisa wengi walikuwa bado Waingereza, na askari wa kawaida analipwa shilingi 105 kwa mwezi. Bendera ni yako, Rais ni wako, lakini gwarideni anayekufokea ni yule yule wa zamani. Ungenyamaza?

Ilogi hakunyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, king'ora kililia katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Maofisa wa Kiingereza walitoka mbio kuangalia kuna nini. Kila aliyefika alikamatwa akatiwa mahabusu ya kambi yake mwenyewe! Kisha askari wakaingia mjini Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akafichwa upande wa Kigamboni, na waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Walitaka shilingi 260 na maofisa Waafrika. Waingereza wakapakiwa kwenye ndege, wakapelekwa Nairobi.

Dai la maofisa Waafrika lilikuwa la haki, nasema bila kuficha. Ila askari akishaingia mtaani na bunduki, madai yake hayaonekani tena. Siku ile maduka yaliporwa na watu wakafa.

Warusi nao wana muasi wao, Valery Sablin, afisa wa jeshi la majini. Novemba 1975, kule Riga, alimfungia nahodha wake ndani ya manowari Storozhevoy, akaing'oa bandarini ili akawahutubie wananchi juu ya viongozi walioisaliti nchi. Huyo, tofauti na akina Ilogi, hakudai hata senti ya mshahara. Mwaka uliofuata alipigwa risasi.

Turudi kwetu. Tarehe 21, kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Huko ndiko alikokuwa Kapteni Sarakikya, kijana aliyesomea uofisa Sandhurst, Uingereza. Alishika uongozi, akawatuliza askari, na Waingereza wakaondoka wakiwa hai. Tarehe 25 alfajiri, makomando wa Kiingereza kutoka meli ya Centaur walishuka Colito kwa helikopta, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, na uasi ukazimwa asubuhi ile ile. Ombi hilo lilimuuma sana: mkoloni wa jana kuitwa aje kukuamulia nyumbani kwako ni aibu.

Tanganyika Rifles ikavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, ndilo JWTZ, na Sarakikya akaliongoza hadi 1974, likiwa na maofisa Waafrika kama Ilogi alivyotaka. Ilogi mwenyewe mahakama ilimhukumu miaka 15 jela. Nyerere aliiona adhabu ya waasi kuwa ndogo mno na alisema hivyo hadharani, lakini hakuigusa, kwa kuwa ilikuwa imetolewa na mahakama.