Kabla hujanunua kompresa mpya, mwambie fundi apime kwanza

HAPA mpakani Rusumo, dereva wa lori hanunui maziwa, ananunua ubaridi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi mwaka 2016, magari hayalali tena kwenye foleni kama zamani, na dereva anayesimama mbele ya kibanda chako anasimama dakika chache tu. Ukimpa maziwa ya vuguvugu anakurudishia chupa yako, anawasha gari na kuteremka kuelekea darajani.

Mimi ni mmoja wa wale waliorudi Rwanda mwaka 2013 kutoka mkoa wa Kagera, wakati wa Operesheni Kimbunga. Nilizaliwa Karagwe na kukulia huko. Tulivuka na watoto na mabegi, ng'ombe wakabaki nyuma. Biashara ya maziwa na mtindi ndiyo iliyonisimamisha tena, na nguzo ya biashara hiyo ni friji. Baada ya ile ya zamani kuchoka, nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama nikanunua nyingine ya lita 300, yenye kompresa ya inveta. Muuzaji aliniambia inakula umeme kidogo, na kusema kweli hakunidanganya.

Usiku mmoja ikanyesha mvua kubwa ya radi. Taa zilizimika, zikawaka kwa mwanga mkali kupita kawaida, kisha zikatulia. Asubuhi nilipofungua friji, taa ya ndani iliwaka na feni ilizunguka, lakini barafu ilikuwa inayeyuka. Niliweka mkono nyuma, kwenye kompresa. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, wala haitetemeki.

Hukumu ya dakika tano

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu. Aliinama, akagonga kompresa kwa bisibisi, akasikiliza.

"Mama, hii imekufa," aliniambia. "Tununue nyingine. Pamoja na gesi na kazi yangu, nipe faranga 240,000."

Mkopo wa friji hiyo nilikuwa sijaumaliza. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema anaweza kujaribu kuiunganisha moja kwa moja na umeme wa ukutani, ikikataa basi akate bomba na kuanza kazi ya kubadilisha. Nilimwomba anipe hadi kesho. Siku hiyo nilimwaga lita 40 za maziwa.

Sikujua wakati ule, lakini ombi hilo la kungoja hadi kesho ndilo lililoniokoa.

Fundi mwenye mita

Jioni jirani yangu alinielekeza kwa mzee mmoja aliyejifunza kazi hiyo Mwanza. Alikuja na begi dogo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa plagi ya friji, akaketi.

"Mbona hufungui, mzee?" nilimuuliza.

"Subiri, mwanangu. Ndani ya hii bodi kuna kapasita inayobaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa. Fundi asiye na subira inamuua."

Baada ya muda alifungua kifuniko, akaipima kapasita hiyo kwa mita mpaka akaridhika kwamba haina kitu. Ndipo akanieleza, huku akifanya kazi, tofauti ya friji yangu na zile za zamani. Kompresa ya kawaida hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Huwaka kwa nguvu zote, ikifikisha baridi huzimika. Kompresa ya inveta ina mota ya sumaku inayotaka umeme wa njia tatu, ambao soketi ya nyumbani haina. Kwa hiyo bodi ya inveta huchukua volti 230 za ukutani, huzigeuza kuwa umeme wa aina ya betri wa takribani volti 320, kisha transista sita huukata vipande vipande na kuupeleka kwenye nyaya tatu za kompresa. Zikikata haraka mota hukimbia, zikikata polepole hutembea. Ndiyo maana friji hizo hunong'ona tu na hazilipui bili.

"Na mtu akiiunganisha moja kwa moja na umeme wa ukutani?" nilimuuliza, nikikumbuka ya asubuhi.

"Anaichoma. Hapo kweli utanunua nyingine."

Alichomoa soketi ya kompresa, zikaonekana pini tatu. Akapima kati ya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Mita ilionyesha namba zilezile kila mara, omu tisa na ushei. Akapima kati ya kila pini na chuma cha nje, mita haikusoma kitu. "Umeona? Namba zikilingana, na hakuna umeme unaovujia kwenye mwili, nyaya za ndani ni nzima. Kama moja ingetofautiana sana na wenzake, au mita ingesoma kwenye chuma, ningekubaliana na mwenzangu."

Akarudisha umeme akiwa mwangalifu, nasi tukikaa mbali. Kwenye waya unaoingia kwenye bodi palikuwa na volti 228. Kwenye kapasita kubwa, panapotakiwa volti 320, palikuwa sifuri. Umeme ulifika mlangoni lakini haukuingia ndani.

Alichomoa tena, akangoja tena, akaitoa bodi. Fyuzi ilikuwa imekatika. Pembeni yake kulikuwa na kidonge cha bluu kama sarafu, kimepasuka na kuungua upande mmoja. Alisema kazi ya kidonge hicho ni kujitoa mhanga: umeme ukizidi, chenyewe hupitisha njia ya mkato ili fyuzi ikatike kabla transista hazijaungua.

Nilidhani angeweka waya mahali pa fyuzi, kama wafanyavyo wengi. Alikataa. Alipima kwanza zile transista sita, moja baada ya nyingine, akakuta hakuna iliyoshikana. Ndipo akalehemu kidonge kipya na fyuzi ya kiwango kilekile. Kabla ya kurudisha kompresa, aliiwashia bodi kupitia balbu ya kizamani iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Balbu ilimulika mara moja, ikafifia. "Ingebaki inawaka sana, ujue bado kuna hitilafu," alisema.

Akaunganisha kila kitu. Dakika chache zikapita kimya, nami nikaanza kuomba Mungu. Kisha nikasikia mnong'ono ule niliouzoea. Alinidai faranga 15,000.

Tunachopaswa kujua

Msomaji mwenzangu, sisemi kwamba kila friji ya inveta itapona kwa bei hiyo. Transista zingekuwa zimeungua, ningelazimika kununua bodi nzima, na bodi hiyo lazima ilingane na kompresa yake. Wewe unayenunua friji ng'ambo ya mpaka, piga picha kibandiko cha kompresa na namba za bodi ukiwa bado na risiti mkononi. Ikiharibika, picha hiyo ndiyo itakayokutafutia kifaa, iwe Mwanza au Kampala.

Pili, usimruhusu fundi akate bomba kabla hajakuonyesha namba za mita kwenye zile pini tatu. Bomba likikatwa gesi yote inapotea. Aidha, friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Kuchomelea bomba kwa moto karibu nayo bila kuiondoa na kupitisha hewa ni hatari kwa nyumba nzima.

Tatu, usifungue mwenyewe bodi hiyo. Kazi yako ni kuuliza, yake ni kupima.

Nne, nunua kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, lakini usikitegemee mbele ya radi. Mawingu yakianza kunguruma, mimi sasa huchomoa plagi. Friji iliyojaa na isiyofunguliwafunguliwa huhifadhi baridi kwa saa kadhaa.

Yule kijana wa kwanza alipita wiki iliyofuata, akaikuta friji inafanya kazi. Sikumtukana. Nilimpa glasi ya mtindi baridi, nikamwelekeza anapoishi yule mzee. Nimesikia ameshanunua mita.