Mboga za Mkebe: Zafaa au Hazifai?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini je, mboga iliyofungiwa ndani ya mkebe, isiyoonekana wala kunuswa, yajiuza au yajitembeza? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, kwa sababu limezua mabishano mengi humu shuleni na hata huko nyumbani. Kuna kundi linalosema ati mboga za mkebe ni sumu tupu, zimejaa dawa. Kuna kundi la pili linaloziona kuwa chakula cha watu waliostaarabika, hivi kwamba mgeni akija, mkebe hufunguliwa na osuga huachwa bustanini. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yamepotea njia.

Swali hili si la mzaha kwetu sisi wa Takawiri. Kisiwa chetu ni kidogo, kimekaa ziwani kati ya Mbita na Mfangano. Samaki tunao, lakini mboga ni jambo jingine. Jua la Januari na Februari likichoma, bustani isiyotiwa maji kwa ndoo hukauka, na nyanya na sukumawiki sharti ziletwe kwa mashua. Siku ziwa likichafuka, mashua hazisafiri na bei hupanda. Hapo ndipo mkebe ulio rafuni dukani huanza kumkonyeza mama. Pesa alizo nazo ni zilezile za omena. Akizitumia vibaya leo, kesho watoto watakula ugali kwa chumvi. Kwa hivyo, tusibishane kwa kelele bali kwa hoja.

Mkebe ulitoka wapi?

Zamani za vita vya Napoleon, serikali ya Ufaransa ilitafuta njia ya kuhifadhi chakula. Mpishi mmoja aitwaye Nicolas Appert akagundua kwamba chakula kikitiwa katika chupa, kikazibwa barabara, kisha chupa ikachemshwa kwa muda mrefu, hakiozi. Mnamo mwaka wa 1810 alitunzwa faranga 12,000. Mwaka huohuo huko Uingereza, Peter Durand alipewa hataza ya kuhifadhi chakula katika vyombo vya bati. Cha kuchekesha ni kwamba mikebe ilitangulia, kifunguo chake kikachelewa kwa miaka zaidi ya 40. Watu walikuwa wakiifungua kwa nyundo na patasi!

Appert mwenyewe hakujua ni kwa nini chakula chake hakikuoza. Jibu lilikuja miaka ya 1860, pale Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uozo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Joto huviua, na kizibo huzuia vingine kuingia. Basi, siri ya mkebe ni hiyo tu. Kiwandani mboga huoshwa, hukatwa, hupitishwa katika maji moto, hutiwa mkebeni pamoja na maji ya chumvi, hewa hutolewa, mkebe hufungwa, kisha hupikwa ndani ya mtambo mkubwa unaofanya kazi kama sufuria ya presha. Mboga zisizo na ukali, kama maharagwe na njegere, hupikwa kwa joto la kufikia digrii 121, kupita maji yanayochemka. Nyanya, kwa kuwa zina ukali wake wa asili, hazihitaji joto kali hivyo.

Hapa kundi la kwanza linaanguka. Kinachoifanya mboga ikae miaka miwili bila kuoza si dawa bali ni joto na kizibo. Viwanda vingine huongeza sukari, rangi au viungo, lakini hayo huandikwa kwenye karatasi ya mkebe. Soma!

Tena tusidhani kwamba mkebe ni kitu cha ng'ambo tu. Mananasi ya Thika yamefungwa mikebeni kwa miongo mingi, na kiwanda cha Njoro kimejulikana kwa kufunga mishiri na kuipeleka Ulaya. Yaani mkulima wetu hulima mishiri, na Mfaransa huila kutoka mkebeni.

Nini hupotea, nini hubaki?

Naam, joto lina gharama yake. Vitamini C huharibika kwa urahisi, na baadhi ya vitamini B huyeyuka na kuingia katika yale maji ya mkebe. Lakini protini ya maharagwe haiendi popote, wala madini ya chuma hayafi kwa moto. Nyanya nazo hupata faida: ile rangi yake nyekundu, iitwayo laikopeni, huchukuliwa na mwili kwa urahisi zaidi ikiwa nyanya zimepikwa, hasa pakiwa na mafuta kidogo.

Na wacha niwaambie ukweli, hata kama utawauma wengine. Kuna watu wanaolaani mkebe kwa kuua vitamini, ilhali jikoni mwao mboga huchemshwa saa nzima kwa magadi, kisha maji yake humwagwa nje! Magadi hulainisha mboga, kweli, lakini huharibu vitamini C na B1. Nyani haoni kundule.

Kasoro kubwa ya mkebe ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mkebe mmoja wa maharagwe ya mchuzi unaweza kuwa na gramu 2 au zaidi, na sukari juu yake. Mwenye shinikizo la damu na awe macho. Mboga zilizo katika maji ya chumvi zimwagwe maji hayo na zisuuzwe. Sehemu ya chumvi itaondoka.

Tupige hesabu

Mkebe wa maharagwe ulioandikwa gramu 400 kwa kawaida una maharagwe gramu 240 hivi; kilichobaki ni maji. Tuseme mkebe ni shilingi 120. Basi umenunua gramu 100 za maharagwe kwa shilingi 50. Sasa tuseme kilo ya maharagwe makavu ni shilingi 160. Yakichemshwa hutoa zaidi ya kilo mbili. Kwa hivyo gramu 100 hazifiki shilingi 8. Ongeza kuni au makaa, bado tofauti ni kubwa. Bei hizi ni za mfano tu. Chukua za duka lako upige hesabu mwenyewe, lakini gawanya kwa uzito wa mboga yenyewe, si kwa uzito wote ulioandikwa.

Hata hivyo, tusimwonee mkebe. Maharagwe makavu hupikwa saa mbili au tatu, na kuni si za bure. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha ili yaive upesi.

Jihadhari kabla ya hatari

Kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo na hewa, nacho hutoa sumu kali inayoleta ugonjwa uitwao botulizimu. Sumu hiyo hulegeza misuli hata mtu ashindwe kupumua. Msidhani ni ugonjwa wa mikebe pekee. Mnamo 1980 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilitoa taarifa ya watu wa hapahapa Kenya waliopatwa na botulizimu baada ya kula kumbikumbi. Kinachotakikana ni chakula kilichofungiwa hewa bila kupikwa sawasawa. Kwa hivyo:

(a) Mkebe uliovimba usiununue, na kama uko nyumbani usiuonje hata kidogo. Kuvimba ni dalili kwamba kuna vijidudu hai ndani vinavyotoa hewa.

(b) Kataa mkebe unaovuja, ulioliwa na kutu, au uliobonyea penye maungio yake. Hapo ndipo hewa na uchafu hupitia.

(c) Tazama tarehe ya mwisho na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

(d) Mkebe ukishafunguliwa, mboga inayobaki itiwe katika bakuli safi lenye kifuniko na iliwe upesi. Kukosa jokofu kunamaanisha kwamba mkebe mkubwa si rahisi kama unavyoonekana. Nusu yake itaharibika.

Mkebe wetu wenyewe

Kundi la pili nalo lisikilize. Osuga, dek, apoth, ododo na bo, ambazo kwa Kiswahili ni mnavu, mgagani, mlenda, mchicha na majani ya kunde, si mboga za maskini. Zina vitamini A, chuma na kalisi kwa wingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amefanya utafiti wa mboga hizi kwa miaka mingi, na kazi yake imesaidia kuzirudishia heshima. Leo zinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Itakuwa aibu wenyewe tuzitupe.

Isitoshe, sisi watu wa ziwa tunajua kuhifadhi. Omena huanikwa juani na kukaa miezi. Basi mboga nazo hukaushwa. Wakati wa mvua, mboga zikiwa tele, chuma majani ya kunde, yaoshe, yatie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, yachuje, kisha yaanike penye kivuli na upepo. Si juani kama omena, kwa maana jua kali huharibu ile asili ya vitamini A. Yakikauka kiasi cha kuvunjika mkononi, yatie katika chombo kisichopitisha unyevu. Ikifika Januari, yaloweke, yapike na mafuta kidogo, na ukamulie ndimu, kwani vitamini C yake husaidia mwili kuipata chuma. Huo ndio mkebe wetu, usio na chumvi nyingi wala bei.

Hukumu

Maadamu nimeulizwa zafaa au hazifai, nitajibu bila kuzunguka. Nyanya za mkebe zafaa kununuliwa wakati nyanya mbichi zimeadimika au zimepanda bei. Maharagwe, njegere na mahindi ya mkebe yafaa kuwekwa akiba, mkebe mmoja au miwili, kwa ajili ya siku ya mawimbi, siku ya mgonjwa, au siku kuni zimelowa. Kuyafanya chakula cha kila siku ni kutupa pesa ziwani. Ama majani, tusinunue katika mkebe kile ambacho mvua hutupa bure.

Na mgeni akija kwako, ndugu msomaji, mpe ugali moto, samaki, na osuga iliyotiwa maziwa. Mkebe na ubaki rafuni kungoja siku yake. Akiba haiozi.