Vipimo vya Mwezi wa Mwisho: Kazi ya Mkunga Kabla ya Uzazi

Mama mwenye mimba ya wiki 36 aweza kuamka hana homa wala maumivu, akateka maji na kupika kama kawaida yake, ilhali shinikizo la damu limekwisha kupanda kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Hilo husahauliwa na wale wanaoamini kwamba mjamzito aliyehudhuria kliniki mara mbili tatu, naye hajisikii vibaya, hana haja ya kurudi mpaka ashikwe na uchungu. Hatari kubwa za mwisho wa mimba mara nyingi huanza kimyakimya, na kazi ya mkunga ni kuzitafuta kabla hazijajidhihirisha.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mahudhurio manane badala ya manne ya awali. Matano kati ya hayo ni ya miezi ya mwisho: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40.

Shinikizo la damu na mkojo

Kifafa cha mimba hutanguliwa na maradhi ambayo asili yake ni kondo la nyuma. Mishipa inayolipatia kondo damu hupaswa kupanuka mapema katika mimba. Isipopanuka vya kutosha, kondo hutoa kemikali zinazoingia katika damu ya mama na kudhuru utando wa ndani wa mishipa yake. Mishipa hubana, shinikizo hupanda, na figo huvujisha protini katika mkojo. Kwa hiyo mkunga hupima vyote viwili. Shinikizo linalofikia 140 kwa 90 halipuuzwi, hata kama mama anacheka na kuzungumza. Dawa ya magnesi salfeti hupunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu, kama ulivyoonyesha utafiti wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002. Lakini haiondoi chanzo. Maradhi huanza kwisha baada tu ya mtoto na kondo kutoka.

Mlalo wa mtoto

Kwa mikono yake mkunga hutafuta kichwa cha mtoto kilipo. Katika wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huwa ametanguliza matako, na wengi hugeuka wenyewe. Mimba inapotimia hubaki watatu au wanne tu katika kila 100. Anayeonekana hajageuka baada ya wiki ya 36 huhitaji mtaalamu, ambaye pengine ataweza kumgeuza kwa nje. Kisha mkunga husikiliza moyo kwa pembe ndogo iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, akihesabu mapigo: kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Wekundu wa damu

Mama mwenye chini ya gramu 11 za hemoglobini katika desilita moja ya damu ana upungufu. Mwenye afya hustahimili kupoteza nusu lita wakati wa kujifungua. Mwenye upungufu mkubwa huweza kuzidiwa kwa kiasi hicho hicho.

Mahali pa kujifungulia

Vipimo vyote hivyo hujibu swali moja: je, uzazi huu wafaa kufanyika wapi? Zahanati na kituo cha afya hutosha kabisa kwa uzazi wa kawaida. Lakini zahanati haina chumba cha upasuaji wala akiba ya damu. Mama aliyeelekezwa hospitali ya wilaya mchana, kabla ya uchungu, husafiri akiwa na nguvu zake. Anayekimbizwa usiku huku akitokwa na damu hushindana na muda.

Jamaa nao wana wajibu. Usafiri, fedha na mtu wa kubaki na watoto vipangwe mapema. Na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, maumivu chini ya kifua, uso kuvimba ghafla, damu kutoka au mtoto kupunguza kucheza yakitokea, tarehe iliyoandikwa kwenye kadi isingojewe: mama apelekwe siku hiyo hiyo, kwani kipimo kizuri cha wiki iliyopita hakithibitishi usalama wa leo.