Kupanda mti kwa kamba moja: Kwa nini tawi hubeba uzito maradufu

Mvua na upepo vinapoanza katika miteremko ya Rwenzori, mikaratusi na miembe iliyoinamia paa za nyumba huwatia watu hofu, kuanzia mjini Kasese hadi Bwera. Aitwaye kuipunguza matawi mara nyingi ni kijana mwenye panga na mikono mitupu. Upo utaratibu ulio salama zaidi, unaotumiwa na wakataji miti wa kitaalamu katika nchi nyingi: kupanda kwa kamba moja.

Inavyofanyika

Fundi hurusha uzi mwembamba uliofungwa kifuko kizito, ukapita juu ya tawi imara, kisha huutumia kuvutia kamba kuu. Ncha moja ya kamba hufungwa chini ya shina. Upande wa pili ndio anaoupanda, akiwa amevaa mkanda wa usalama na kofia ngumu. Kamba hutulia, yeye hupanda kwa vibanio vinavyoteleza kwenda juu lakini haviteremki. Katika mtindo wa zamani wa kamba inayozunguka tawi, mtu huvuta mita 2 ili apande mita 1.

Hatari iliyojificha

Kamba ikifungwa chini, pande zake zote mbili hulivuta tawi. Mtu wa kilo 80 hulitwisha karibu kilo 160. Kwa hiyo huchaguliwa panda nene iliyo karibu na shina, na watu wawili huining'inia kamba kwanza ili kuijaribu. Kamba ikifungwa juu kwenye shina, uzito huo hauongezeki. Lakini ikifungwa chini kwa kifaa cha kuilegeza, mwenzake anaweza kumteremsha akiumia.

Ya kuzingatia

Kamba ya kufungia mizigo kwenye malori yavukayo mpaka wa Mpondwe haifai kumbeba mtu. Anayekata kwa msumeno wa mnyororo hujifunga pia mkanda wa pili kwenye shina, wenye waya wa chuma ndani, kwani msumeno hukata kamba kufumba na kufumbua. Mti uliogusana na nyaya za umeme haupandwi kabla shirika la umeme halijakata umeme.

Zaidi ya yote, asipande mtu peke yake. Aliyezimia huku ananing'inia mkandani anaweza kufa baada ya dakika chache, na wa kumwokoa ni yule aliyesimama chini.