Zawadi Isiyolipiwa

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, malango ya boma la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, huko Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, yalifungwa ili asitoroke mtu. Ndani walikuwamo vijana wahudumu wa ikulu waliokuwa wakijifunza Ukristo. Mchana wake mwenzao, Denis Ssebuggwawo, alikuwa amechomwa mkuki na Kabaka mwenyewe kwa kumfundisha kijana mwingine dini, na wote walielewa kwamba kukipambazuka itakuwa zamu yao. Padri hakuwapo. Kiongozi wao, Karoli Lwanga, ambaye naye alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe, alichukua maji akawabatiza wale waliokuwa bado. Miongoni mwao walikuwamo Gyavira, Mugagga, Mbaga Tuzinde, na Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Kwa utaratibu wa siku zile, wakati wao wa kubatizwa ulikuwa haujafika. Wamisionari wa Afrika, waliofika Buganda mwaka 1879, walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie: mwongofu afundishwe na kupimwa kwa miaka minne kwanza. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima yake, maana ilimlinda mtu asikimbilie jambo asilolielewa. Lakini usiku ule hakuna aliyeuliza nani amemaliza masomo na nani amebakiza.

Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, Kizito alihesabiwa sawa na waliosoma miaka yote. Alihesabiwa pia Mukasa Kiriwawanvu, ambaye hakuwahi kabisa kumiminiwa maji. Kanisa husema alibatizwa kwa damu yake.

Hapa ndipo penye kiini cha mafundisho ya Kikristo kuhusu wokovu. Kama wokovu ungekuwa mshahara, vijana wale wangestahili nusu tu, au wasingestahili kitu. Wakristo wanafundisha kwamba ni neema, yaani wema wa Mungu anaopewa mtu ambaye hakuufanyia kazi na hawezi kuulipia. Mtume Paulo, katika sura ya pili ya Waraka kwa Waefeso, anaeleza kwamba watu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na kwamba zawadi hiyo haitokani na matendo, ili asiwepo wa kujisifu. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya sita, anaufananisha ubatizo na kuzikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Maiti hajiziki, wala hajifufui. Anayebatizwa ndiye anayetendewa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaonyesha jinsi jambo hili lilivyofanyika mwanzoni. Towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, alibatizwa na Filipo njiani kuelekea Gaza, mara tu walipoyafikia maji. Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa pamoja na nyumba yake usiku uleule aliotaka kujiua. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa muda wa kuthibitisha kwamba anafaa.

Swali la nani anafaa, hata hivyo, halikuchelewa kuzuka, na waliolijadili kwa kina zaidi walikuwa Waafrika. Karthago, mji ulio katika Tunisia ya leo, ulikuwa uwanja mkubwa wa mjadala huo. Karibu na mwaka 200, Tertuliani alishauri ubatizo wa watoto uahirishwe hadi wakue na kumjua Kristo. Miaka 50 hivi baadaye, Askofu Sipriano wa mji huohuo aliulizwa na mwenzake Fido kama mtoto mchanga asubiri siku ya nane. Sipriano na maaskofu 66 waliokutana naye walijibu kwamba hakuna sababu ya kusubiri. Ikiwa wenye dhambi nzito hawanyimwi neema wanapoamini, walisema, iweje anyimwe aliyezaliwa juzi, ambaye hajatenda kosa lake mwenyewe?

Desturi ya kuahirisha iliendelea kwa sababu nyingine: hofu. Wengi waliamini kwamba dhambi baada ya ubatizo ni nzito kupindukia, basi heri kungoja. Kaisari Konstantino, aliyeupa Ukristo uhuru, alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kukata roho. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika Algeria ya leo, aliugua sana utotoni akaomba abatizwe. Alipopata nafuu, jambo likaahirishwa. Alipitia ujana wenye misukosuko, akafuata mafundisho ya Wamani (wafuasi wa Mani) kwa miaka mingi, huku mama yake Monika akimwombea kwa machozi. Hatimaye Ambrosi, Askofu wa Milano, ndiye aliyembatiza usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Augustino alikuwa na miaka 32.

Mtu aliyepitia hayo hakuweza kusikia kwa utulivu mafundisho ya Pelagio, mtawa kutoka Uingereza, aliyesisitiza kwamba binadamu ana uwezo wa kutenda mema na kuepuka dhambi kwa nguvu ya hiari yake. Pelagio alikuwa na nia njema, kwani alichukizwa na Wakristo wazembe. Lakini Augustino aliona kwamba fundisho hilo linamwachia binadamu mzigo wa kujiokoa. Hoja yake mojawapo ilikuwa watoto wachanga: Kanisa linawabatiza, nao wana stahili gani ya kuonyesha? Mtoto hulipokea jina la ukoo kabla hajajua kutamka lolote, na neema nayo humtangulia mtu vivyo hivyo. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagio.

Augustino alipambana pia na Wadonato. Hao walidai kwamba ubatizo wa mhudumu aliyeisaliti imani wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano haukuwa na thamani, hivyo wakawabatiza watu upya. Jibu lake bado lina uzito kwa msomaji wa leo anayehofia kwamba aliyembatiza alikuja kuanguka vibaya. Ubatizo ni wa Kristo, alifundisha, na mkono wa mhudumu ni chombo tu. Uchafu wa mhudumu hauichafui zawadi.

Karne nyingi baadaye suala hilohilo la neema na ubatizo liliipasua Ulaya. Martin Luther aliyeanza kupinga biashara ya rehema mwaka 1517 alishikilia kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulimjibu kwa kueleza nafasi ya ushirikiano wa binadamu na neema hiyo. Mjini Zürich, walioanza kubatizana wakiwa watu wazima mwaka 1525 waliteswa na Waprotestanti wenzao. Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat mwezi Januari 1527, akafa. Ni aibu kubwa katika historia ya Kanisa kwamba maji ya uzima yaligeuzwa adhabu ya kifo.

Mpasuko huo umeanza kuzibwa, na Afrika Mashariki ina sehemu yake. Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza barani Afrika mjini Dar es Salaam mwaka 1977, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Shirikisho hilohilo, tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg, lilitia sahihi pamoja na Kanisa Katoliki tamko kwamba Mungu humkubali mwenye dhambi kwa neema tupu, bila stahili yoyote yake. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na Wareformati mwaka 2017.

Hayo hayajamaliza tofauti. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanabatiza watoto wachanga. Wabaptisti, Wapentekoste na Wasabato huwazamisha katika maji mengi wale walioamini na kukiri wenyewe. Jeshi la Wokovu na Marafiki (Quakers), ambao misheni yao ya Kaimosi magharibi mwa Kenya ilianza mwaka 1902, hawatumii maji kabisa. Kila upande una jambo la kweli unalolilinda: mmoja unasisitiza kwamba Mungu hutangulia, mwingine kwamba binadamu lazima aitikie.

Na kuitikia kuna uzito wake. Mwamko wa kiroho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Bukoba na Kenya uliwagusa watu ambao wengi wao walikuwa wamebatizwa zamani. Walikiri dhambi zao hadharani, wakarudisha walichoiba na kupatana na waliokuwa maadui zao. Walokole hao walikuwa wakifunua zawadi waliyopewa kitambo na kuacha imefungwa. Hawakudai kuwa wanalipa deni kwa Mungu. Matendo mema yalifuata kwa sababu walijua wamesamehewa.

Mafundisho haya yakichukuliwa kwa uzito, yanagusa mambo ya kila siku parokiani na usharikani. Wapo wazazi wanaoahirisha ubatizo wa mtoto kwa kuwa hawana fedha za sherehe, nguo nyeupe au mpiga picha. Wapo wanaoogopa kwenda ofisini kwa sababu hawakufunga ndoa kanisani, au wana deni la zaka. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka kuwe na matumaini ya kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na hilo ni haki kuliuliza. Lakini sheria hiyohiyo, katika kanuni namba 848, inakataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa, na inaagiza wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa ajili ya umaskini. Mwezi Januari 2014 Papa Fransisko alimbatiza katika Kanisa dogo la Sistina mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu.

Semina za wazazi, mafundisho ya kipaimara na maswali ya mchungaji ni malezi ya kumsaidia mtu aelewe anachopokea. Yakianza kuonekana kama bei, yamepotoka, na viongozi wa makanisa wana wajibu wa kuyarekebisha.

Basi mzazi anayesitasita kwa ajili ya mfuko mtupu aende kwa padri au mchungaji wake wiki hii, aeleze hali yake bila haya. Mtu mzima anayejiona amechafuka mno naye aende. Pilau na mashada vinaweza kusubiri. Kinachohitajika kwenye kisima cha ubatizo ni maji, jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mtu aliye tayari kupokea.