Mguu ukivimba mmoja, usiseme ni yale yale!

Wiki hii mapenzi na mavazi tuyaweke kando, tuongee damu.

Nina mshkaji wangu wa tangu sekondari ana sikoseli, au selimundu kama wanavyoiita wenye Kiswahili chao. Kijiweni tumemzoea. Akisema miguu inauma, tunajua kesho hatoki, tunampelekea soda na stori. Mwaka jana akaanza kulalamikia mguu wa kushoto. Mimi na akili zangu nikamwambia, "Aah, si yale yale yako? Meza panadol ulale."

Siku ya tatu mguu ule ulikuwa umenenepa kuliko mwenzake, ngozi inang'aa, ukiugusa wa moto. Halafu akaanza kuhema kama katoka kupanda ghorofa la sita. Jirani akadai katupiwa kitu. Mama yake hakumsikiliza mtu, akaita teksi. Hospitali wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kimeshakimbilia mapafuni. Iliokolewa dakika za majeruhi.

Ndipo nikaanza kuulizauliza. Shuleni tuliambiwa chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye vishipa vyembamba, mtu anaumwa. Si uongo, ila ni nusu ya stori.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasheshe. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye sikoseli siku 10 hadi 20 tu. Zinapasuka ovyo na kumwaga himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Ikiwa ndani ya chembe haina neno. Ikimwagika nje inafyonza naitriki oksaidi, gesi ambayo mishipa huitumia kujilegeza. Basi mshipa unakaza, ukuta wake wa ndani unaumia na kuanza kunata.

Mwili nao unadhani umevamiwa! Chembe nyeupe, askari wa kupigana na vijidudu, zinakuja mbio na kung'ang'ania ukutani wakati adui mwenyewe hayupo. Chembe sahani, zile zinazoziba ukijikata na wembe, nazo zinaamka. Nyekundu zinanasa humo humo, na damu inaanza kuganda mahali pasipo na kidonda. Mgando unachochea uvimbe, uvimbe unachochea mgando. Tena haungoji siku ya maumivu. Unaendelea chini chini hata siku jamaa yuko disko anacheza.

Kwa mjamzito hatari ya kuganda huko huzidi, vivyo hivyo kwa aliyelala kitandani muda mrefu. Na kiharusi, ambacho mtaani tunakiita cha wazee, kwenye sikoseli kinapiga hata watoto wadogo.

Dawa ipo, haidroksiyurea. Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka 1998. Wengi wanajua inaongeza himoglobini ya kichanga, ile isiyojikunja. Kumbe pia inapunguza zile chembe nyeupe zenye fujo. Utafiti wa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, ulitoka mwaka 2019: waliotumia walipungukiwa maumivu, malaria na hata vifo. Ila inataka daktari na kupima damu mara kwa mara, siyo kununua kwa ushauri wa shoga yako.

Kwa hiyo mwenye sikoseli akivimba mguu mmoja, akibanwa kifua, akikohoa damu, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, ni hospitali usiku huo huo. Mkifika, mtaje sikoseli pale pale mlangoni.

Mshkaji wangu sasa anameza vidonge vya kuzuia damu isigande, na kinyozi wake kaonywa kuhusu wembe. Kijiweni amerudi. Kila nikikaa karibu yake ananiinamia sikioni, "Panadol, eeh?" Soda nalipa mimi.