Likizo Kandokando ya Ziwa Kivu: Jamaa Ilale Wapi?

Mwezi wa saba ukikaribia, na wanafunzi wakiisha kupokea vyeti vyao, habari za likizo huanza kuzungumzwa katika nyumba nyingi. Baba huhesabu fedha, mama huwaza juu ya chakula na nguo, na watoto huuliza neno moja tu: "Tutakwenda ziwani lini?" Lakini liko swali jingine lililo zito kuliko hilo, nalo husahauliwa mara nyingi: tukifika huko, tutalala wapi?

Watu wengi huchagua nyumba kwa kuwa picha yake yapendeza, au kwa kuwa bei yake ni ndogo, au kwa kuwa rafiki aliisifu. Kumbe kandokando ya Ziwa Kivu mahali pa kulala si jambo la anasa tu. Ziko sehemu ambapo shimo na kilima kilicho karibu nalo hutofautiana kama mauti na uzima. Basi tulitazame jambo hili polepole, maana mwenda pole hajikwai.

Ziwa lenyewe

Ziwa Kivu limelala juu milimani, karibu mita 1,460 juu ya bahari, katikati ya Kongo na Rwanda. Toka kaskazini hata kusini urefu wake ni karibu kilometa 90, na vilindi vyake vyapita mita 480. Kwa ajili ya kimo hicho, hewa yake si ya joto kali kama ile ya Ziwa Tanganyika. Usiku blanketi hutakiwa, na mama asiyechukua sweta za watoto atajuta. Zamani za kale maji yake yalielekea kaskazini, upande wa bonde la Nili. Halafu milima ya moto ya Virunga ikainuka na kuziba njia, na maji yakatafuta pa kutokea kusini. Ndiyo asili ya mto Ruzizi, ushukao hata Tanganyika.

Jioni wavuvi hutoka na mashua zao tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakiimba ili makasia yaende sawa. Hutafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa toka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, ambao leo hulisha maelfu ya watu. Sambaza wa kukaangwa pamoja na ugali na sombe ni chakula ambacho mgeni hakisahau.

Chini kabisa, katika maji mazito ya vilindini, imefungwa gesi nyingi mno: karibu kilometa za ujazo 60 za metani na 300 za hewa ya kaboni. Rwanda huivuta metani hiyo na kuigeuza kuwa umeme. Mtambo mkubwa wa Kibuye ulizinduliwa mwaka 2016. Anayeogelea kwa kawaida hasumbuliwi na gesi hiyo, kwa sababu maji ya juu na maji ya chini hayachanganyikani upesi. Gesi inayomhusu msafiri anayetafuta kitanda ni nyingine. Hiyo hutoka ardhini.

Mazuku, adui asiyeonekana

Watu wa Goma na vijiji vya jirani huiita mazuku. Ni hewa ya kaboni ipandayo katika nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hushuka na kujaa katika mashimo na mabonde madogo, kama maji yanavyojaa bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huongezeka. Jua likipanda na upepo ukivuma, mara nyingi hupungua. Mbuzi au mbwa akiingia humo huanguka. Mtoto hupatwa kabla ya mtu mzima, kwa sababu kichwa chake ki karibu na ardhi. Na aliyelala chini huvuta kile ambacho aliyesimama hakivuti.

Mashimo hayo yapo hasa upande wa kaskazini ya ziwa, toka Goma kuelekea Sake, na mengine karibu kabisa na maji. Basi mtu akikuonyesha kiwanja kizuri chenye majani mabichi, kilichoingia ndani kama sahani, akikuambia, "Piga hema hapa, hapana upepo," ujue kwamba amekusifia hatari yenyewe. Waulize wenyeji, hasa wachungaji na wanawake waendao shambani, maana wao huyajua mashimo mabaya. Ukiona ndege au mnyama amekufa shimoni bila jeraha, usishuke. Tena, mtu akianguka humo, usimrukie peke yako, usije ukafa pamoja naye; ita watu, nao wamtoe kwa kamba toka juu. Na watoto wafundishwe hayo kabla ya kufika, si baada ya kufika.

Kaskazini: Goma na Gisenyi

Goma ni mji wa mawe meusi. Juu yake wasimama mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, ambao usiku huweza kuyafanya mawingu kuwa mekundu. Mlima huo ulitapika mwaka 1977. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji hata ziwani, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ukaja tena, ukasimama kwenye viunga vya mji. Watu wamejenga upya juu ya mawe yale yale, kwa moyo usiochoka. Lakini mji huu umeteswa na vita pia: mwisho wa Januari 2025 ulitekwa na waasi wa M23. Kwa hiyo hapa uzuri wa nyumba si wa kuulizwa kwanza. Kwanza huulizwa habari za amani, nazo huulizwa kwa watu wakaao pale, si kwa muuza tiketi.

Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ni mji wa Rwanda wenye mchanga mzuri ufukoni na barabara yenye miti. Ni mahali panapowafaa wapendao kuogelea na kutembea jioni. Kusini kidogo, upande wa Nyamyumba, ziko chemchemi za maji moto, ambamo wenyeji huenda kupumzisha viungo vyao. Tena pale Rubona gesi ya ziwa ilianza kutumiwa tangu mwaka 1963, jambo zuri la kuwaonyesha wanafunzi. Lakini nyumba za ufukoni huwa ghali, na mwisho wa juma kelele ni nyingi. Mwenye watoto wadogo aheri atafute nyumba iliyo mtaa wa juu kidogo, wakaenda ziwani kwa miguu. Na kwa kuwa nchi hii nayo ni ya volkano, shauri la mazuku lisiachwe hapa pia.

Katikati: Kibuye

Kibuye, katika wilaya iitwayo leo Karongi, hakuna mchanga mwingi. Vilima vyake huingia majini kama vidole, na mbele yake vimetawanyika visiwa vidogo, kimoja chenye popo kwa maelfu. Maji yametulia, na mji si wa makelele. Kwa jamaa yenye babu, bibi na watoto pamoja, twadhani hapa ndipo panapofaa kuliko pengine. Shida yake ni miteremko: nyumba nyingi zasimama juu, na ngazi za kushuka ziwani ni ndefu. Mzee mwenye magoti mabovu apewe chumba kisicho na ngazi, hata kama dirisha lake halioni maji.

Juu ya rasi lasimama kanisa la mawe. Mwezi wa Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo waliuawa, na leo liko kumbukumbu yao. Msipite pale kama watu wapitao kwenye bustani. Waelezeni watoto wakubwa yaliyotokea, nanyi mnyamaze kidogo pamoja nao.

Kusini: Bukavu, Cyangugu na kisiwa cha Idjwi

Bukavu, ambayo hata mwaka 1954 iliitwa Costermansville, imejengwa juu ya rasi tano zilizonyoshwa ziwani kama vidole vya mkono. Wengi waliouona mji huu husema hakuna mwingine wenye kupendeza kama huo katika nchi yetu. Si mbali nao iko mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, makao ya sokwe wakubwa wa nchi za tambarare. Lakini Bukavu nayo ilitekwa mwezi wa Februari 2025, na shauri tulilolitoa kwa Goma lahusu hapa vilevile. Zaidi ya hayo, angalia mteremko: wakati wa mvua udongo huporomoka, na nyumba iliyobanwa chini ya ukingo mkali si ya kulala jamaa. Ng'ambo ya Ruzizi iko Cyangugu, mji mdogo wenye utulivu, unaofaa kwa wale watakao pia kuona msitu wa Nyungwe.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Kivu, nacho ni cha Kongo. Watu wake hulima mananasi na kahawa, na kwa miaka mingi vita vya bara vilikipita pembeni. Huko hutakuta anasa, ila utakuta ukimya na ukarimu. Lakini kumbuka kwamba njia ni ya maji tu. Mwenye mama mjamzito, au mtoto mwenye ugonjwa wa kurudia, asiende kukaa mahali ambapo msaada wangojea mashua.

Hoteli, misioni au kwa ndugu?

Baada ya kuchagua mji, chagua namna ya nyumba. Hoteli huleta raha, lakini chakula chake humaliza fedha kuliko kitanda. Nyumba ya wageni ya misioni au ya watawa mara nyingi ni safi, yenye ulinzi na bei ya kadiri. Lakini lango hufungwa mapema, chakula kina saa zake, na mgeni hutakiwa kushika utaratibu. Nyumba ya kupangisha yenye jiko yafaa jamaa kubwa, maana mama aweza kununua sambaza na viazi sokoni akapika mwenyewe.

Na wengi wetu hulala kwa ndugu. Ni desturi njema, lakini isigeuke mzigo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nenda na unga, mafuta na sabuni. Wasichana na wavulana wasaidie kuteka maji na kuosha vyombo. Tena siku ya kuondoka isemwe tangu siku ya kufika. Shangazi hatakuambia kwamba akiba yake imekwisha. Ni wajibu wako kuijua bila kuambiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Uliza: Je, nyumba iko juu au imeingia bondeni? Je, hapo pana mazuku? Maji ya kunywa yatoka wapi, na je, vyandarua vipo? Zahanati iko umbali gani, na wauguzi wake wasemaje juu ya kichocho katika ufuko ule? Je, ufuko hushuka kwa upole, au hatua mbili tu na kina? Maana Ziwa Kivu halina mamba, lakini pengi lina kina cha ghafula, na mtoto asiyejua kuogelea asiachwe hata dakika moja. Tena uliza juu ya radi, kwa kuwa nchi hizi za mashariki ya Kongo zimo katika zile zipigwazo na radi kuliko zote duniani. Mawingu yakijikusanya, wote watoke majini.

Na kama utavuka ziwa, hesabu watu waliomo chomboni. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa kupita kiasi kilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama, na roho nyingi zikapotea. Chombo kikijaa, shuka. Ukose siku moja ya likizo, usikose mtoto. Akikucheka mtu kwa woga wako, mwache acheke.

Baba na mama, likizo njema haipimwi kwa ukubwa wa hoteli. Usiku tatu mahali pema, zilizolipwa kwa fedha iliyopo, zapita usiku kumi za deni zitakazomfanya mwana akose karo mwezi wa tisa. Kaeni pamoja mezani kabla ya safari, watoto nao wakisikia: tuna kiasi hiki, twakwenda mahali fulani, kwa sababu hii na hii. Mtoto aliyesikia hesabu hiyo amekwisha kujifunza jambo moja kubwa kabla hajaliona ziwa.